Kulinda Faragha Yako Unapotumia Kompyuta ya Saiba: Mwongozo Kamili

Kuanzia Kondele mjini Kisumu hadi mitaa iliyo nyuma ya Kenyatta Avenue mjini Nakuru, saiba, yaani maduka ya kukodisha kompyuta na intaneti, bado zinafanya kazi ya ofisi ya umma. Humo ndimo kijana aliyemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anachagulia kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi nafasi za vyuo, mwalimu anajazia fomu za TSC, tume ya walimu, mfanyabiashara anawasilishia ritani za KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 30 Juni, na mzazi anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake anafunguliwa akaunti ya eCitizen, lango la huduma za serikali. Wengi wao wana simu yenye intaneti mfukoni, lakini fomu ndefu, hati za kuchapishwa na vyeti vya kuskaniwa huwarudisha kwenye kompyuta ambayo mtu mwingine ameiacha dakika chache zilizopita na mwingine anaisubiri mlangoni.

Mazungumzo kuhusu faragha kwenye kompyuta ya namna hiyo kwa kawaida huanzia kwenye historia ya kivinjari: jinsi ya kuifuta ili anayefuata asijue ulitembelea tovuti zipi. Historia ina umuhimu wake, lakini kwa maoni yangu ndiyo sehemu ndogo ya tatizo. Madhara makubwa hutokana na akaunti iliyoachwa wazi, nakala ya kitambulisho iliyobaki kwenye diski, na nywila iliyoandikwa katika daftari la mhudumu. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mwendo wa mteja mwenyewe, tangu anapojiandaa nyumbani hadi anaporudi na kukagua akaunti zake kwa simu, na unakaa kwa muda mrefu zaidi pale ambapo watu huumizwa zaidi.

Nani anaweza kuona nini

Kabla ya hatua yoyote ni vyema kutenganisha watu watatu. Wa kwanza ni mteja atakayeketi baada yako. Huyu anaweza kuona chochote kilichobaki kwenye kivinjari na kwenye folda za kompyuta. Wa pili ni mwenye saiba au mhudumu wake, ambaye mashine ni yake na kwa hiyo anaweza kuweka programu yoyote anayotaka. Zipo programu za kusimamia saiba zinazomwezesha kuona skrini ya kila mteja akiwa mezani kwake, na hata kuiendesha. Wa tatu ni kampuni inayouza intaneti kwa saiba hiyo, pamoja na tovuti unazozitembelea. Tovuti ambayo anwani yake inaanza kwa https husimba mawasiliano, hivyo kampuni ya intaneti haiwezi kusoma nywila wala ujumbe wako, ingawa kwa kawaida inaweza kujua jina la tovuti uliyoifungua.

Dirisha fiche la kivinjari ("Incognito" kwa Kiingereza), ambalo halihifadhi historia likishafungwa, linakukinga dhidi ya mtu wa kwanza tu. Halimzuii mwenye mashine, wala halikufichi kwa kampuni ya intaneti wala kwa tovuti yenyewe. Jambo hili lilifika hadi mahakamani nchini Marekani, ambako kesi iliyofunguliwa mwaka 2020 dhidi ya Google kuhusu hali fiche ya Chrome ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2024, kampuni hiyo ikikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kueleza wazi zaidi kwamba tovuti bado zinaweza kukusanya taarifa za mtumiaji. Anayeelewa mpaka huo hatalidharau dirisha fiche, na pia hatalitegemea kwa kazi lisiyoiweza.

Kutokana na mgawanyo huu inafuata kanuni moja ambayo singependa mtu yeyote aivunje: benki, mikopo na huduma nyingine za fedha zisifunguliwe kamwe kwenye kompyuta usiyoimiliki. Kwa hizo, simu yako mwenyewe yenye bando lake ni salama zaidi hata kama skrini yake ni ndogo.

Kabla ya kutoka nyumbani

Maandalizi yanaondoa nusu ya hatari. Jiulize kwanza kama kazi unayokwenda kufanya inahitaji kompyuta kwa kila hatua. Mara nyingi unaweza kuingia katika akaunti kwa simu, ukapakua hati unayohitaji, na ukaenda saiba kwa ajili ya kuchapisha tu. Kadiri unavyoandika nywila chache kwenye kibodi ya watu, ndivyo unavyopunguza nafasi ya kuibiwa.

Pili, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yako na kwenye mitandao ya kijamii unayoitumia. Ukishauwasha, anayeinasa nywila yako atakwama, kwa kuwa ataombwa pia msimbo unaofika kwenye simu yako. Wapo wanaoogopa kufungiwa nje ya akaunti zao ikiwa simu itazima wakiwa saiba. Hofu hiyo ina dawa. Google humruhusu mwenye akaunti kutengeneza misimbo 10 ya akiba, kila mmoja ukiwa na tarakimu 8 na ukitumika mara moja tu. Nakili miwili au mitatu kwenye kikaratasi, bila jina lako wala anwani ya barua pepe, na ukiweke kwenye pochi.

Tatu, hakikisha kwamba nywila ya barua pepe haifanani na nywila nyingine yoyote. Barua pepe ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine zote, kwa kuwa takriban kila tovuti hutuma huko kiungo cha kubadilisha nywila iliyosahaulika. Mtu akiipata, eCitizen na iTax, mfumo wa kodi wa KRA, zinaweza kumfungukia pia.

Mwisho, beba karatasi zile tu zinazohitajika, na uzihesabu. Kwenye tovuti ya KUCCPS, kwa mfano, mwanafunzi amekuwa akiingia kwa namba yake ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na nywila ya kuanzia ambayo ni namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nakala ya matokeo ikiachwa juu ya meza pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, yeyote anayeziokota ana kila anachohitaji ili kujaribu kuingia na kubadilisha kozi alizozichagua mtoto wa mwenzake.

Kuchagua kiti na kukagua mashine

Chagua kiti ambacho mgongo wako unaelekea ukuta, na ambacho skrini yake haitazamani na mlango wala benchi la wanaosubiri. Tazama juu pia: kamera ya usalama iliyofungwa juu ya safu ya kompyuta inaweza kurekodi vidole vyako, hivyo unapoandika nywila kinga kibodi kwa mkono wa pili.

Ikiwa kompyuta ni ya mezani, fuata waya wa kibodi hadi unapoingia nyuma ya mashine. Kifaa kidogo mithili ya flashi kilichochomekwa kati ya waya huo na mashine kinaweza kuwa cha kunasa kila herufi inayobonyezwa. Si jambo la kawaida, lakini ukaguzi wake unachukua sekunde chache. Programu za kunasa herufi ni vigumu zaidi kuzigundua kwa macho, na kibodi ya kubofya kwenye skrini, ambayo baadhi ya watu huipendekeza, haifui dafu mbele ya programu inayopiga picha za skrini. Kinga halisi dhidi yake ni uthibitishaji wa hatua mbili uliouwasha nyumbani.

Muulize mhudumu swali moja: je, kompyuta hizi hujirejesha katika hali yake ya awali zikizimwa na kuwashwa upya? Zipo saiba, maktaba na maabara za vyuo zinazotumia programu ya namna hiyo, na pale inapotumika, kuwasha upya kabla ya kuondoka hufuta kila ulichokiacha. Kama jibu ni hapana, au kama mhudumu hana hakika, kuwasha upya hakufuti faili yoyote.

Kufungua dirisha sahihi

Kompyuta nyingi za saiba zina Chrome, na mara nyingi utaikuta imefunguliwa ikiwa na picha au herufi ya mtu kwenye kona ya juu kulia. Maana yake ni kwamba kivinjari kimeunganishwa na akaunti ya mtu huyo, awe mwenye saiba au mteja aliyesahau kutoka. Usifanye lolote kwenye dirisha hilo. Bofya picha hiyo, kisha uchague hali ya mgeni, ambayo kwenye menyu ya Kiingereza huandikwa "Guest". Litafunguka dirisha jipya lisilo na alamisho (kurasa zilizowekwa alama), viendelezi (programu ndogo za kivinjari) wala nywila za mtu mwingine, na ukilifunga historia na vidakuzi vyake, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huzitumia kutambua kwamba umeingia, hufutika.

Hali ya mgeni isipopatikana, tumia dirisha fiche. Kwenye Chrome na Microsoft Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kwenye Firefox bonyeza Ctrl, Shift na P. Mimi napendelea hali ya mgeni kwa sababu dirisha fiche bado linakaa ndani ya akaunti ya mwenye kivinjari: alamisho zake zinaonekana, na kiendelezi ambacho mwenye kivinjari amekiruhusu kufanya kazi katika hali fiche kitaendelea kusoma kurasa unazozifungua.

Kuna jambo moja kuhusu dirisha fiche ambalo watu wengi hawalijui. Kwenye Chrome, madirisha fiche yote yaliyo wazi hutumia vidakuzi vilevile. Ukimkuta mteja aliyetangulia ameacha dirisha fiche limepunguzwa chini ya skrini, na wewe ukafungua lako, unajikuta ndani ya kikao chake. Na ukifunga lako huku lake likibaki, akaunti uliyoingia inabaki wazi. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, funga kila dirisha fiche unalolikuta.

Ukiwa ndani ya tovuti

Andika anwani ya tovuti mwenyewe, herufi kwa herufi, badala ya kubofya tangazo la kwanza linalotokea kwenye matokeo ya utafutaji. Angalia mwisho wa jina: huduma za serikali ya Kenya kwa kawaida huishia na go.ke, kama lilivyo lango la eCitizen, ijapokuwa tovuti ya KUCCPS huishia na net. Kivinjari kikikuonya kwamba muunganisho si salama, usikubali kuendelea, hata kama mhudumu atakuambia kuwa onyo hilo hutokea kila siku. Huenda chanzo chake ni saa ya kompyuta iliyokosewa tu, lakini huenda pia kuna mtu anayejaribu kukaa katikati ya mawasiliano yako, na ukiwa kwenye kiti hicho huwezi kutofautisha.

Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Kisanduku cha kukumbukwa kwenye kompyuta hii kisiwe na alama ya vema. Unapoingia kwenye Gmail kupitia dirisha la kawaida la Chrome, kivinjari kinaweza kukuomba ujiunge nacho au kuwasha usawazishaji, yaani kuoanisha data ya vifaa vyako vyote. Ukikubali, alamisho, historia na nywila ulizohifadhi kwenye simu yako zinaweza kumiminika kwenye mashine ya watu. Hili pekee linatosha kuwa sababu ya kutumia hali ya mgeni.

Kunakili na kubandika kuna hatari yake. Namba ya kitambulisho au nywila uliyoinakili hukaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta hadi uinakili kitu kingine, na anayefuata akibonyeza Ctrl na V ataiona. Kwenye Windows 10 na Windows 11 inaweza pia kuwekwa katika orodha ya vitu vilivyonakiliwa. Bonyeza kitufe cha Windows na V ili kuiona orodha hiyo, kisha uifute yote.

Ukihitaji kuandika barua ya maombi ya kazi au wasifu wako, iandike kwenye Google Docs ndani ya dirisha la mgeni badala ya kutumia Word ya saiba. Word huweka orodha ya hati zilizofunguliwa karibuni, na pia hutunza nakala za dharura ambazo mteja wa kawaida hajui ziko wapi.

Stima ikipotea

Kila mkazi wa Kisumu au Kakamega anajua kwamba stima inaweza kupotea katikati ya kazi, hasa mvua ya alasiri inapoanza. Kompyuta inazimika kabla hujatoka kwenye akaunti, mhudumu anasema wateja warudi baadaye, na wewe unaondoka. Ikiwa ulikuwa kwenye dirisha la kawaida, stima ikirudi Chrome hujitolea kurejesha kurasa zilizokuwa wazi, na anayekubali ombi hilo anaweza kujikuta ndani ya akaunti yako. Dirisha fiche na dirisha la mgeni hazirejeshwi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo, ikiwa stima imepotea ukiwa kwenye dirisha la kawaida, usisubiri. Papo hapo chukua simu, ingia kwenye akaunti zako, na uitoe kompyuta ya saiba kama nitakavyoeleza chini. Faili ulizokuwa umepakua zitabaki kwenye diski bila kujali ulitumia dirisha gani, hivyo kwa ajili ya hizo itakubidi urudi.

Kuchapisha, kuskani na kunakili

Hapa ndipo faragha inapopotea zaidi katika saiba zetu, na ndipo inapozungumzwa kidogo. Mtindo uliozoeleka ni kwamba mteja anatuma hati kwa barua pepe au kwa WhatsApp ya saiba, mhudumu anaifungua kwenye kompyuta yake, anaichapisha, anapokea pesa, na mteja anaondoka. Hati yenyewe haiondoki. Inabaki kwenye sanduku la barua pepe la saiba, kwenye mazungumzo ya WhatsApp, na kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta ya mhudumu. Baada ya mwaka mmoja kompyuta hiyo inakuwa na vitambulisho, vyeti vya KCSE, stakabadhi za mishahara, barua za hospitali na PIN za KRA za mtaa mzima, na kila kijana anayeajiriwa kwa miezi michache anaweza kuzifungua. Sisemi kwamba wahudumu ni wezi. Wengi wao ni watu waaminifu wanaofanya kazi kwa haraka. Lakini uaminifu wa mhudumu wa leo haumfungi atakayeajiriwa kesho, wala atakayeinunua kompyuta hiyo ikiwa imechakaa.

Njia bora ni kuchapisha mwenyewe. Fungua dirisha la mgeni kwenye kompyuta iliyounganishwa na printa, ingia kwenye barua pepe yako, ifungue hati ndani ya kivinjari bila kuipakua, kisha ubonyeze alama ya printa iliyo juu ya hati hiyo. Karatasi ikishatoka, toka kwenye akaunti na ufunge dirisha.

Ikiwa saiba hairuhusu hivyo, tuma hati moja tu inayohitajika na usitume bahasha nzima ya vyeti kwa sababu eti huenda ikahitajika. Kaa karibu na mhudumu wakati wa kuchapisha, na kabla hujalipa umwombe kwa heshima: "Dada, naomba unifutie hiyo faili nikiwa hapa, pamoja na iliyo kwenye pipa la taka." Katika uzoefu wa kawaida wa miji yetu ombi la aina hiyo halikataliwi, maana mhudumu naye hataki lawama. Hakikisha amefuta sehemu tatu: ujumbe wenyewe, faili kwenye folda ya vipakuliwa, na pipa la taka la Windows. Kwenye Windows, kubonyeza Shift na Delete juu ya faili huifuta bila kuipitisha kwenye pipa.

Kama ulituma kwa WhatsApp, unaweza kuufuta ujumbe kwa pande zote mbili kupitia simu yako, mradi siku mbili na ushei hazijapita. Fahamu hata hivyo kwamba kufuta huko hakuigusi nakala ambayo tayari imehifadhiwa kwenye kompyuta. Picha ya kutazamwa mara moja haisaidii sana hapa, kwa kuwa uwezo huo haupo kwa hati za PDF.

Flashi nayo ina pande zake mbili. Inakuepusha na barua pepe ya saiba, lakini ukiichomeka mashine inaweza kunakili kila kilichomo, na inaweza kurudi nyumbani na virusi. Ukiitumia, iwe na hati ya kuchapishwa pekee, wala isiwe ile unayowekea picha za familia.

Kwa upande wa kuskani, uliza faili inaenda kwenye folda gani, itume kwako mwenyewe kupitia barua pepe yako, kisha uifute kwenye folda hiyo. Inua pia kifuniko cha skana na cha mashine ya kunakili kabla ya kuondoka, kwa maana kitambulisho kilichosahaulika juu ya kioo ni tukio la kila wiki. Nakala zilizoharibika usiziache kwenye kikapu. Zikunje uende nazo, kwa kuwa karatasi hizo mara nyingine huishia kufungia njugu.

Akaunti uliyofunguliwa na mhudumu

Wazazi wetu wengi hawakufungua akaunti zao wenyewe. Walifika saiba wakaeleza wanachohitaji, na mhudumu akawafungulia barua pepe, akabuni nywila, akaiandika kwenye daftari lake na kwenye kikaratasi walichopewa. Miaka inapita, na kila Juni wanarudi kwa mhudumu yuleyule kwa sababu yeye ndiye anayejua nywila. Huo ni utegemezi, na ni hatari hata pale ambapo hakuna aliyekusudia mabaya.

Ikiwa una mzazi, shangazi au jirani wa namna hiyo, keti naye siku moja na simu yake. Ingia kwenye barua pepe yake na ubadilishe nywila. Kisha nenda kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google uangalie namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Mara nyingi utakuta ni za mhudumu au za saiba. Weka namba ya mwenyewe, na uziondoe hizo nyingine. Ukimaliza barua pepe, pitia eCitizen na iTax kwa mpangilio huohuo, ukihakikisha kwamba simu na barua pepe zilizosajiliwa ni zake. Kazi hii ianzie kwenye barua pepe, kwani ukianza na eCitizen huku barua pepe ikibaki mikononi mwa mwingine, nywila mpya inaweza kubadilishwa tena jioni hiyohiyo.

Nywila mpya iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani. Najua wataalamu wengi hushauri watu wasiandike nywila popote, lakini kwa mzee wa miaka 70 huko Bungoma daftari lililofungiwa kabatini ni salama kuliko daftari la saiba, na ni bora kuliko nywila rahisi ambayo kila mjukuu anaijua.

Kabla ya kuinuka kitini

Toka kwanza kwenye kila akaunti kwa kubofya kitufe cha kutoka, ndipo ufunge dirisha. Kufunga dirisha la kawaida pekee hakumalizi kikao. Kidakuzi kinabaki, na anayefungua tovuti hiyo tena anakaribishwa kwa jina lako.

Ikiwa ulilazimika kutumia dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, uchague muda unaolingana na ule uliokaa, kisha ufute historia, vidakuzi na faili za akiba. Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Kama Chrome imeunganishwa na akaunti yako ya Google, kufuta vidakuzi hakutakutoa kwenye akaunti hiyo. Ni lazima uiondoe akaunti yenyewe kwenye kivinjari. Na ikiwa usawazishaji umewashwa, historia unayoifuta inafutika pia kwenye vifaa vyako vingine. Namba ya kitambulisho ikiendelea kupendekezwa kwenye kisanduku cha fomu, ishukie kwa mshale wa kibodi na ubonyeze Shift na Delete.

Baada ya hapo fungua folda ya vipakuliwa, uifute kila faili uliyoipakua, na ulimwage pipa la taka. Hatua hii inahitajika hata kama ulitumia dirisha fiche tangu mwanzo hadi mwisho. Nakili neno lolote lisilo na maana ili lichukue nafasi ya ulichokinakili mwisho, chomoa flashi, hesabu karatasi zako, kisha uondoke.

Ukiwa na simu yako

Siku hiyohiyo, kagua akaunti zako kwa simu. Kwenye akaunti ya Google fungua sehemu ya usalama, kisha orodha ya vifaa; kompyuta ya saiba ikiwa bado imo, iondoe. Kwenye Facebook, orodha ya mahali ulikoingia iko chini ya nywila na usalama. Kwenye WhatsApp gusa vifaa vilivyounganishwa, na usikubali kuona kompyuta usiyoitambua. Hii ya WhatsApp nataka isisitizwe kuliko zote, kwa kuwa kompyuta iliyounganishwa huendelea kupokea jumbe zako hata simu yako ikiwa imezimwa, na inaweza kufanya hivyo hadi siku 14 kabla ya kuondolewa. Yapo maneno ya ndoa, ya ugonjwa na ya deni ambayo mtu hakukusudia yasomwe na mgeni kwa wiki mbili nzima.

Kompyuta ya nyumbani au ya ofisini

Nyumbani suluhisho ni rahisi: kila mtu afunguliwe akaunti yake ya Windows yenye nywila, na anayeinuka abonyeze kitufe cha Windows na L ili kufunga skrini. Akaunti za watoto na wageni zisiwe za msimamizi. Kompyuta ya ofisini ichukuliwe kuwa ni ya mwajiri kwa kila hali. Anayetafuta kazi nyingine, au anayesoma kuhusu hali yake ya kiafya, atumie simu na bando lake, wala asitumie WiFi ya ofisi.

Ikiwa tayari umeingiliwa

Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa kutumia simu, kisha ukitoe kila kifaa kwenye akaunti. Fuata na akaunti nyingine. Piga picha za skrini zinazoonyesha saa, kifaa na mabadiliko yaliyofanywa kabla hujayarekebisha, kwa sababu huo ndio ushahidi.

Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inamhakikishia kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai data yako isiyohitajika tena ifutwe. Saiba inayohifadhi nakala za vitambulisho vya wateja nayo inaguswa na sheria hiyo. Anza kwa kumwandikia mwenye saiba ombi fupi lenye tarehe, ubaki na nakala. Akipuuza, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo sheria inaitaka iyachunguze na kuyahitimisha ndani ya siku 90. Mtu aliyeingia kwenye akaunti yako bila ruhusa ametenda kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, ambayo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ripoti kosa hilo katika kituo cha polisi kilicho karibu, ukiwa na picha za skrini ulizochapisha, na uombe namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, kabla ya kuondoka kwenye kaunta.